Nyayo za Lakalanga na kuta za Yeriko

Wamasai wanaoishi jirani na Laetoli, katika kata ya Endulen, wana maelezo yao kuhusu nyayo zilizoganda kwenye mwamba wa majivu. Wanasema aliyezikanyaga ni Lakalanga, shujaa mwenye mwili mkubwa kupita kiasi, ambaye kila alipoweka mguu ardhi ilibonyea na alama ikabaki. Lakalanga aliwapigania wenzake dhidi ya maadui waliokuwa jirani zao, na kwa nguvu zake vita vikaisha kwa ushindi. Simulizi hiyo imeingia katika maandishi ya kitaalamu tangu mwaka 2019, ilipochapishwa na Elgidius Ichumbaki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na wenzake, akiwamo Profesa Fidelis Masao, baada ya kuwauliza wenyeji wenyewe wanazielewaje nyayo hizo.

Wanasayansi wana maelezo mengine. Miaka milioni 3.66 hivi iliyopita, volkano ilimwaga majivu laini juu ya uwanda ule. Mvua nyepesi ikanyesha, na viumbe wa kila aina wakapita juu ya majivu mabichi: tembo, twiga, swala, ndege, sungura, na pamoja nao zamadamu waliotembea wima kwa miguu miwili. Inaaminika kuwa majivu hayo yalifanana na yale yanayotoka hadi leo katika Oldoinyo Lengai, yenye madini yanayoshikana upesi yakilowa na kukauka. Yakawa magumu, kisha majivu mengine yakaanguka na kuyafunika. Louis na Mary Leakey walifika Laetoli mwaka 1935, lakini ilikuwa mwaka 1976 ambapo Andrew Hill na wenzake walizitambua nyayo za wanyama. Mwaka 1978 Paul Abell akaona unyayo wa zamadamu, na timu ya Mary Leakey ikafukua njia ya mita 27 hivi. Mwaka 2015, wataalamu wa Kitanzania walipokuwa wakichimba mashimo ya majaribio mahali palipokusudiwa kujengwa makumbusho, walikuta nyayo nyingine mita 150 kusini mwa zile za kwanza. Mmoja wa waliopita pale alikadiriwa kuwa na kimo cha sentimita 165, kirefu kuliko cha zamadamu yeyote wa jamii yake aliyejulikana hadi wakati huo.

Hapo simulizi na sayansi zinagusana kidogo, maana zote mbili zinamtaja mtu mkubwa. Mguso huo usitupumbaze. Wamasai waliingia nyanda za juu za Ngorongoro kati ya karne ya 18 na ya 19, wakawasukuma Wadatoga waliokuwa wakilisha mifugo huko kabla yao. Vita vya Lakalanga, vyenye maadui wa jirani na ushindi, vinafanana na vita vya miaka hiyo. Kwa hiyo alama ina umri wa mamilioni ya miaka, watu waliosimulia wana karne mbili au tatu mahali pale, na maneno ya simulizi kama tulivyo nayo yameandikwa juzi tu. Vitu hivyo vitatu vina umri tofauti, ingawa msikilizaji huvipokea vikiwa kimoja.

Nimeanzia Endulen kwa makusudi. Waumini wengi, Wakristo kwa Waislamu, wanapokutana na mtu wa akiolojia huuliza swali moja: je, nyinyi mmethibitisha Maandiko au mmeyakanusha? Ni swali la haki na linatoka moyoni, ila linadai jibu moja kwa mambo matatu. Mtu akitaka kujua habari fulani ya Biblia imetoka wapi, inambidi aulize alama iliyoko ardhini ni ya lini, watu walioisimulia walikuwa nani na walifika pale lini, na maneno yaliyotufikia yalipangwa katika mazingira gani. Majibu yakilingana, vizuri. Yasipolingana, hapo ndipo kazi inapokuwa tamu, na simulizi ya Lakalanga inatufundisha namna ya kuifanya.

Chukua mji wa Ai. Kitabu cha Yoshua kinaeleza kuwa Waisraeli waliuteka kwa hila, wakauchoma, na kwamba umebaki rundo la magofu mpaka siku za mwandishi. Kilima kinachotambuliwa na wataalamu wengi kuwa ndipo Ai ilipokuwa kinaitwa et-Tell, kilomita chache mashariki mwa mahali panapodhaniwa kuwa Betheli ya zamani. Judith Marquet-Krause alichimba hapo kuanzia mwaka 1933 hadi 1935, na Joseph Callaway akaendelea kuanzia mwaka 1964. Wote walikuta mji mkubwa wenye kuta nene, ulioangamizwa kwa moto. Lakini maangamizi hayo yalitokea karibu mwaka 2400 KK. Baada ya hapo kilima kilikaa bila watu zaidi ya miaka 1000, mpaka kijiji kidogo kisicho na ukuta kilipoota juu yake karibu mwaka 1200 KK. Wakati ambao Yoshua huwekwa na wanahistoria wengi, yaani karne ya 13 KK, hapakuwa na mji wa kuteka.

Wapo wanaosema basi Ai ni kilima kingine, na wanaendelea kukitafuta. Ni haki yao. Mimi nawafikiria zaidi watu wa kile kijiji kidogo. Walijenga nyumba zao za mawe juu ya kuta ambazo hazikuwa za babu zao, kuta nene zenye alama za moto, na watoto wao lazima waliuliza ni nani aliyeuvunja mji huu. Walijibu kwa historia waliyokuwa nayo: sisi tulikuja kutoka ng'ambo ya Yordani, Mungu akatupa nchi, na mji huu ni mmoja wa ile tuliyopewa. Mfugaji wa Endulen anayeonyesha unyayo na kumtaja Lakalanga anajibu swali la namna hiyo kwa njia hiyo hiyo. Hakuna anayedanganya. Alama ipo kweli, vita vya kugombea nchi vilikuwapo kweli, na simulizi imeviunganisha.

Yeriko ni mfano maarufu zaidi, na historia ya uchimbaji wake inatuonya sisi wataalamu vilevile. John Garstang alichimba hapo kati ya mwaka 1930 na 1936, akakuta ukuta ulioporomoka, akatangaza kwamba ndio ule ulioanguka mbele ya Yoshua. Magazeti na makanisa yakaipokea habari hiyo kwa shangwe. Kisha Kathleen Kenyon akaenda Yeriko kuanzia mwaka 1952 hadi 1958 akiwa na mbinu makini zaidi za kusoma matabaka ya udongo na vigae, akaonyesha kuwa ukuta wa Garstang ulikuwa umeanguka zaidi ya miaka 1000 kabla ya Yoshua. Mji uliofuata uliteketea karibu mwaka 1550 KK, na katika karne ya 13 KK Yeriko ilikuwa karibu tupu. Bado wako wachache wanaobishana na tarehe zake, lakini vipimo vya kaboni vilivyofanywa baadaye vimeiunga mkono hoja ya Kenyon. Garstang alikuwa mtaalamu wa kweli, mwenye bidii. Kilichompotosha ni kwamba alikwenda na jibu mkononi, akaulazimisha udongo ulikubali.

Haya yasikufanye udhani kwamba kila jembe likigonga ardhi ya Biblia, Biblia inapungua. Kadiri tunavyosogea karibu na wakati wa waandishi wenyewe, ndivyo ardhi na maandishi vinavyozidi kushikana. Kitabu cha Pili cha Wafalme kinasimulia kuwa Senakeribu mfalme wa Ashuru aliivamia Yuda wakati wa mfalme Hezekia, akapiga kambi Lakishi, na Hezekia akalazimika kumlipa ushuru mkubwa. Tukio hilo ni la mwaka 701 KK. Huko Lakishi wachimbaji wamekuta mteremko wa mawe na udongo uliojengwa na jeshi la Ashuru kuufikia ukuta, pamoja na mamia ya vichwa vya mishale. Katika jumba la Senakeribu huko Ninawi zilikutwa picha za kuchonga ukutani zinazoonyesha kuzingirwa kwa Lakishi, mji ukitajwa kwa jina, na leo ziko katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, London. Tena Senakeribu aliacha maandishi yake juu ya udongo uliochomwa. Humo anasema alimfungia Hezekia ndani ya Yerusalemu, na kwamba alipokea talanta 30 za dhahabu. Biblia nayo inasema dhahabu ilikuwa talanta 30. Kwa fedha wanatofautiana: Biblia inataja talanta 300, mfalme anajivunia 800. Hata katika hesabu za leo mlipaji na mlipwaji hutofautiana, kwa hiyo tofauti hiyo kwangu inazidisha uaminifu wa habari yenyewe. Na kuna jambo moja wanalokubaliana, Biblia kwa kusema na mfalme kwa kunyamaza: Senakeribu hasemi popote kuwa aliiteka Yerusalemu.

Vivyo hivyo jiwe la Tel Dan, lililopatikana mwaka 1993 na timu ya Avraham Biran, limeutaja ukoo wa kifalme wa Daudi katika karne ya 9 KK, tena kwa kalamu ya adui. Jiwe la Farao Merneptah, lililofukuliwa na Flinders Petrie mwaka 1896, linataja watu walioitwa Israeli huko Kanaani karibu mwaka 1208 KK. Kabla ya jiwe hilo hakuna maandishi yanayokubalika na wengi ambayo yamelitaja jina hilo. Kwa hiyo ukirudi nyuma kutoka kwa Hezekia hadi kwa Daudi, kisha kwa Yoshua, kisha kwa Ibrahimu, unatoka kwenye nyakati ambazo mwandishi alikuwa na kumbukumbu za jumba la mfalme, unaingia nyakati ambazo alikuwa na simulizi za wazee peke yake.

Ibrahimu mwenyewe hatuwezi kumchimba. Mfugaji anayehamahama haachi kuta. Wanaojua maboma ya Ngorongoro wanaelewa hilo vizuri: boma likihamwa, baada ya miaka michache unabaki mduara wa nyasi za kijani zaidi palipokuwa na samadi, na miiba iliyooza. Lakini mifugo huacha mifupa, na mifupa ina tarehe. Kitabu cha Mwanzo kinamwonyesha mtumishi wa Ibrahimu akisafiri na ngamia kumi kwenda kumtafutia Isaka mke. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Tel Aviv, Lidar Sapir-Hen na Erez Ben-Yosef, walichapisha vipimo vya mifupa ya ngamia kutoka machimbo ya shaba ya bonde la Araba. Ngamia wa kufugwa wanaonekana hapo kuanzia mwishoni mwa karne ya 10 KK, ilhali Ibrahimu huwekwa karne nyingi kabla. Maana yake ni kwamba aliyeisimulia safari ile kwa maneno tuliyo nayo aliishi wakati ambapo mtu tajiri anayesafiri mbali alitarajiwa kuwa na ngamia. Habari yenyewe inaweza kuwa ya zamani zaidi kuliko ngamia waliomo. Kila msimulizi huweka wanyama anaowajua. Mmasai akisimulia habari za mababu ataweka ng'ombe, hata kama babu huyo alikuwa mwindaji.

Ziko pia simulizi zisizofungwa kwenye kilima chochote, zinazosafiri na watu na kubadilisha mavazi kila zinapofika. Gharika ni mama wa simulizi hizo. Mwaka 1872 George Smith, aliyekuwa akisoma vibao vya udongo kutoka Ninawi katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, alikuta habari ya mtu aliyejenga chombo, akaokoka na maji makuu, akatoa ndege mmoja baada ya mwingine ili ajue kama nchi imekauka. Baadaye kikapatikana kibao cha Babeli cha karne ya 17 KK chenye habari ya namna hiyo, kikiitangulia Biblia kwa karne nyingi. Mnamo mwaka 1929 Leonard Woolley, akichimba Uru huko Iraki ya leo, alikuta tabaka la tope safi lenye unene wa mita tatu hivi, akaamini amepata Gharika yenyewe. Lakini miji jirani ilikuwa na matabaka ya tope ya nyakati tofauti, na mingine haikuwa nayo kabisa. Nchi ya mito ya Tigri na Frati ilifurika mara nyingi, kila mji na mwaka wake wa msiba. Simulizi ya Gharika imekusanya hofu ya mafuriko hayo yote na kuifanya kuwa habari ya dunia nzima na ya Mungu anayehukumu na kurehemu. Waandishi wa Kiebrania walipoipokea waliigeuza: miungu wengi wenye ugomvi wakatoka, akabaki Mungu mmoja mwenye sababu.

Na hapa Gharika inaturudisha Umasaini. Mwaka 1904 Moritz Merker, ofisa wa jeshi la kikoloni la Ujerumani aliyekaa Moshi, alichapisha huko Berlin kitabu kikubwa juu ya Wamasai. Humo aliandika kuwa wazee walimsimulia habari za mtu na mwanamke wa kwanza, tunda lililokatazwa na nyoka aliyewashawishi, na amri kumi zilizotolewa mlimani. Alimwandika pia Tumbainot, mwenye haki aliyeamriwa na Mungu kujenga safina ya mbao, akaingia na wake zake wawili, wanawe sita na wake wa wanawe, pamoja na wanyama. Mke mmoja alikuwa mjane wa ndugu yake, aliyemrithi. Maji yalipopungua alimtoa njiwa, kisha tai mzoga aliyefungiwa mshale, na mshale uliponasa kwenye kitu na kubaki huko akajua nchi kavu imepatikana. James Frazer aliinukuu habari hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1918, ikasambaa ulimwenguni.

Merker alitoka hapo na hitimisho kubwa: Wamasai na Waisraeli walikuwa watu wamoja zamani sana huko Uarabuni, na Wamasai wamehifadhi habari hizi katika hali yake ya asili zaidi. Mazingira ya wakati wake yalimsaidia kuamini hivyo. Mwaka 1902 Friedrich Delitzsch alikuwa ametoa mhadhara Berlin mbele ya Kaisari Wilhelm II kuonyesha jinsi Biblia ilivyochota kutoka Babeli, na Ujerumani nzima ilikuwa ikibishana juu ya asili ya kitabu cha Mwanzo. Ofisa wa Moshi akaona ametoa ushahidi kutoka Afrika.

Shida ni kwamba wengine waliowauliza Wamasai miaka hiyo hiyo hawakuzikuta habari hizo. A. C. Hollis, aliyechapisha kitabu chake juu ya Wamasai mwaka 1905 akiandika simulizi kwa Kimaa chenyewe, hana Tumbainot. Wamisionari walikuwa wameshafika Kilimanjaro tangu mwaka 1885, na misafara ya pwani, yenye Waislamu waliomjua Nuhu na Musa, ilipita Umasaini miongo mingi kabla ya hapo. Habari nzuri huokotwa njiani. Mimi simwoni msimulizi wa Merker kuwa mwongo. Namwona mtu hodari aliyesikia habari ya Nuhu na kuifanya ya kwao, akampa Nuhu mjane wa kurithi na mshale wa kufunga kwenye mkia wa ndege. Kama waandishi wa Kiebrania walivyofanya kwa habari ya Babeli, ndivyo alivyofanya yeye kwa habari ya Waebrania. Merker alikuwa ameketi mbele ya simulizi ya Biblia ikizaliwa upya, akadhani anaona mzizi wake.

Lugha na udongo navyo havikumuunga mkono. Lugha ya Kimaa ni ya Kinailoti, na ndugu zake wako Sudani Kusini, Uganda na kaskazini mwa Kenya. Ufugaji uliingia nchini kwetu kutoka upande wa Ziwa Turkana, ukafika kaskazini mwa Tanzania miaka 3000 hivi iliyopita. Wafugaji wa mwanzo ndio waliozika wafu wao chini ya marundo ya mawe ndani ya kreta ya Ngorongoro, makaburi aliyoyachimba Mjerumani Hans Reck kabla na wakati wa Vita Kuu ya Kwanza na baadaye Mary Leakey, wakikuta bakuli za mawe na shanga. Makaburi hayo ni ya zamani kuliko kuingia kwa Wamasai kwa zaidi ya miaka 1500.

Hata hivyo kuna kipande cha ushahidi ambacho Merker angekirukia kwa furaha kama angekuwa hai, na ndiyo sababu nataka kukieleza kwa uangalifu kabla hakijarukiwa na mwingine. Huko Luxmanda, mkoani Manyara, yalikutwa makazi ya wafugaji ya miaka 3000 iliyopita. Vinasaba vya mtu mmoja aliyezikwa hapo vilipochapishwa mwaka 2017, ilionekana kuwa zaidi ya theluthi moja ya asili yake inahusiana na wakulima wa kale wa Levanti, eneo ambalo ndani yake mna Palestina na Israeli za leo. Utafiti mpana zaidi wa mwaka 2019, uliohusisha mabaki ya watu 41 wa kale wa Kenya na Tanzania, wakiwamo wa pango la Gishimangeda wilayani Karatu, ulionyesha mchanganyiko wa namna hiyo hiyo. Je, Merker alikuwa sahihi kumbe? La. Wakulima hao wa Levanti waliishi maelfu ya miaka kabla ya jina Israeli kuandikwa popote, kabla ya maandishi yenyewe kubuniwa. Damu yao ilifika hapa kupitia kaskazini-mashariki mwa Afrika, ikichanganyika kila hatua, na waliorithi sehemu kubwa yake ni jamii za Kikushi zaidi ya Wamasai. Jirani zetu Wairaqw wa Karatu na Mbulu wanatajwa mara nyingi katika mjadala huo. Damu kusafiri hakuthibitishi kwamba simulizi ilisafiri nayo. Mtu hurithi pua ya babu bila kurithi neno lake hata moja.

Naliweka wazi hili kwa sababu Afrika imeshaumizwa na mchezo wa kuitafuta Biblia mahali ambapo haikuandikwa. Carl Mauch alipofika Zimbabwe Kuu mwaka 1871 alisema majengo yale yanatokana na Malkia wa Sheba, na kwa miongo kadhaa walowezi wakalishikilia neno hilo ili wasikiri kwamba yalijengwa na Waafrika. Mwaka 1929 Gertrude Caton-Thompson alichimba na kuonyesha bila shaka kuwa ni kazi ya wenyeji. Katika timu yake alikuwapo msichana aliyetoka kumaliza chuo, akipiga picha na kujifunza kuchimba: Kathleen Kenyon, yule yule aliyekwenda Yeriko miaka 20 na ushei baadaye. Napenda kuamini kwamba alichokiona Zimbabwe kilimwandaa. Alikuwa ameshaona jinsi jina kubwa la Biblia linavyoweza kumzuia mtu kuusoma udongo ulio mbele yake.

Turudi kwa Lakalanga, maana kuna swali sijaligusa. Nyayo za kwanza za zamadamu zilifunuliwa mwaka 1978, zikafukiwa tena kwa ajili ya hifadhi. Zile nyingine zilionekana mwaka 2015. Kabla ya hapo zilikuwa chini ya udongo. Kwa hiyo kuna njia mbili. Huenda wafugaji waliona nyayo zilizofunuliwa na mmomonyoko mahali pengine kwenye mwamba huo huo, wakamzaa Lakalanga kutokana nazo. Au huenda Lakalanga alikuwa shujaa wa zamani wa Kimasai, na nyayo zilipofunuliwa na wageni akapata mahali pa kusimama. Tofauti hiyo si ndogo. Katika nchi ya Biblia njia hiyo ya pili ina mifano iliyo wazi. Mlima unaoonyeshwa Misri kuwa Sinai, penye monasteri ya Mtakatifu Katarina iliyojengwa na Kaisari Justiniano katika karne ya 6, ulichaguliwa na watawa na mahujaji wa Kikristo zaidi ya miaka 1500 baada ya wakati wa Musa. Amri zilikuwapo kwanza, mlima ukatafutwa baadaye.

Na ziko simulizi zinazopoteza ardhi yake. Yerusalemu iliangamizwa mwaka 586 KK na sehemu kubwa ya wakuu wake wakapelekwa Babeli. Wataalamu wengi wanaona kwamba ni katika uhamisho huo na miaka iliyofuata ndipo habari za Ibrahimu, Musa, Yoshua na wafalme zilipokusanywa na kupangwa karibu na umbo tunalolisoma leo. Watu walioondoka kwenye vilima vyao walihitaji kuandika jina la kila kilima, nani alizikwa wapi, kisima kipi kilichimbwa na nani. Ndiyo maana kitabu cha Mwanzo kimejaa majina ya mahali.

Ngorongoro inapitia jambo la namna hiyo sasa. Wamasai walihamishwa kutoka Serengeti mwaka 1959, wakaacha huko Moru michoro ya ngao kwenye miamba, ambayo watalii huonyeshwa leo bila mchoraji kuwa karibu. Tangu Juni 2022 familia kutoka tarafa ya Ngorongoro zimekuwa zikihamia Msomera, wilayani Handeni. Serikali inasema wanahama kwa hiari yao. Wako wenyeji na watetezi wa haki wanaokataa hilo, na ubishi huo haujaisha. Kwa mtu wa fani yangu kuna jambo jingine lisiloweza kusubiri ubishi uishe. Mtoto atakayekulia Msomera atasikia habari ya Lakalanga mbali na mwamba wake, na msimulizi atalazimika ama kuongeza maneno ya kuuelezea mwamba usioonekana, ama kumtafutia shujaa mwamba mwingine Handeni.

Kwa hiyo walimu wa Endulen, makatekista, wainjilisti, na vijana wenye simu za kurekodi sauti, nawaomba mfanye kazi hii mapema. Mkae na wazee, wanaume kwa wanawake, maana akina mama husimulia tofauti na nadhani hawajaulizwa vya kutosha. Rekodini kwa Kimaa, kwa maneno yao yenyewe, kabla ya kutafsiri chochote. Andikeni anayesimulia ni wa rika gani na ukoo gani, alisikia kwa nani, na alipokuwa akisikia alikuwa boma la wapi. Ulizeni maadui wa Lakalanga walikuwa akina nani kwa majina. Mwombeni mzee awapeleke aonyeshe alama anayoisema, nanyi mpige picha mahali hapo hata kama hapafanani na nyayo za kwenye vitabu. Na zaidi ya yote, muulizeni kila mmoja kama alilisikia jina la Lakalanga kabla ya Mary Leakey kuanza kuchimba Laetoli mwaka 1974, au baada yake. Wale waliokuwa watu wazima mwaka huo sasa wamekaribia au wamepita miaka 70.